Kabla ya kulinganisha shule, tutazame darasa la awali

Mwezi uliopita, baada ya swala ya Ijumaa, baba mmoja alitungoja mlangoni mwa msikiti akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa orodha ya ufaulu wa darasa la saba katika shule za msingi za wilaya yetu ya Kasulu. Alikuwa amepiga mistari miwili: mmoja chini ya shule ya kijijini kwake, karibu na mkia wa orodha, na mwingine chini ya shule ya mjini iliyo juu. Mwanawe ametimiza miaka mitano. “Katibu,” alituuliza, “nimpeleke kwa shangazi yake mjini akaanze awali huko, au nimwache hapa?”

Hatukuwa na jibu la papo hapo. Kumtoa mtoto wa miaka mitano kwa mama yake si jambo la kuamuliwa viatuni. Kamati ilikubaliana kuzitembelea shule zote mbili, ambazo hatutazitaja, kwani walimu walitupokea kwa wema na hawakuwa na la kujibia.

Tuanze na karatasi yenyewe. Mtoto aliyefanya mtihani wa darasa la saba mwaka 2023 alikaa darasa la awali mwaka 2016, mwaka ule ule elimu bila ada ilipoanza na madarasa yakafurika. Kwa hiyo orodha ya leo inasimulia habari za walimu na madarasa ya miaka minane nyuma. Mwalimu wa awali wa wakati huo huenda amestaafu au amehamishwa. Baba yule alikuwa akitazama moshi wa moto uliokwisha kuzimika.

Tena orodha za aina hii zina historia yake. Mwaka 2013, katika mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, serikali ilianza kuzipanga shule zote kwa ufaulu na kutangaza nafasi ya kila moja ndani ya wilaya yake. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walichunguza matokeo yake. Waliona kwamba shule za mkiani katika wilaya zao zilipandisha ufaulu kweli, lakini pia watahiniwa wake walipungua. Yaani baadhi ya watoto dhaifu hawakufika kwenye chumba cha mtihani. Mzazi anayesoma asilimia peke yake hawezi kuwaona watoto hao. Januari 2023 Baraza la Mitihani nalo liliacha kutangaza shule kumi bora, ingawa wazazi wameendelea kujitengenezea orodha zao.

(Watoto wa kambi ya Nyarugusu, jirani zetu tangu 1996, hawamo kabisa katika hesabu hizi, kwa sababu husoma mitaala ya Kongo na Burundi.)

Sasa tuliyoyaona. Katika shule ya mjini, darasa la awali lina sakafu ya saruji na picha ukutani, lakini watoto tulikatisha kuwahesabu tulipopita mia, wote chini ya mwalimu mmoja. Sera inataka watoto 25 kwa mwalimu. Walioketi nyuma walikuwa wakichezea kandambili zao, na hatuwalaumu. Katika shule ya kijijini, chumba ni cha tofali mbichi na mvua hupenya, ila watoto hawakufika arobaini. Mwalimu aliwajua kwa majina na kwa majina ya mama zao. Alipomwona mtoto amekwama alimweleza kwa Kiha kwanza, kisha kwa Kiswahili. Mtoto anayelala na kuamka katika Kiha akiingia darasa ambalo kila neno ni geni, mwaka mzima unaweza kumpita akiitikia tu. Mkoa wetu ulipata kuwa na mpango wa utayari wa shule chini ya EQUIP-Tanzania, uliowaandaa watoto wa vijiji vya mbali kwa hadithi na michezo, na watu wazima wengi hapa bado wanaukumbuka.

Kasoro ya kijijini ni mahudhurio. Masika mtoto hashindi bonde lililojaa maji, na wakati wa kupanda familia nyingine huhamia mashambani na watoto wao. Uji nao hupikwa wiki ambayo wazazi wamechanga mahindi, basi.

Waislamu wa pwani walilifikiria jambo hili mapema. Miaka ya 1980 kule Mombasa, Bi Swafiya Said alianza kazi ya shule za awali ndani ya madrasa kwa msaada wa Mfuko wa Aga Khan, nayo ikaenea Zanzibar na Uganda. Utafiti uliotolewa mwaka 2008 uliwalinganisha watoto wa nchi hizo tatu: waliopitia shule yoyote ya awali waliwazidi waliobaki nyumbani, na wale wa Madrasa walizidi zaidi. Madrasa yetu hapa hukaa tupu kila asubuhi, na tumelizungumza hilo kwa aibu kidogo.

Tulimwambia baba yule tuliyoyaona bila kumchagulia. Mkewe, aliyekuwa amenyamaza muda wote, alisema, “Basi tatizo ni lile bonde.” Mtoto ameandikishwa kijijini. Kamati imetenga sehemu ya sadaka ya Ijumaa kwa mabati ya chumba kile, ambacho ni cha watoto wa dini zote, na vijana wanne wamejitolea kuwavusha watoto bondeni asubuhi za mvua. Mahindi ya uji yatapokelewa madrasa kila Jumamosi baada ya Alasiri. Mwenye debe na alete debe, mwenye kibaba na alete kibaba.