Mzazi, mwache mtahiniwa wako alale

Umeamka saa nane za usiku kunywa maji, ukaona taa ya sebuleni ingali inawaka. Binti yako wa Kidato cha Nne ameinamia daftari la Kemia. Miguu yake ameitumbukiza katika beseni la maji baridi ili usingizi usimchukue. Moyo wako unafurahi. "Huyu ana bidii," unajiambia, kisha unarudi kitandani bila kusema neno.

Laiti ungemwambia akalale.

Mtihani wa KCSE ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, na huenda wewe mwenyewe uliufanya. Labda ulikesha, ukapita, na sasa unaamini kwamba mkesha ndio uliokupitisha. Hata hivyo, ujuzi wa leo kuhusu ubongo unaonyesha kwamba kijana asiyelala vya kutosha hujinyima sehemu ya faida ya kile alichokisoma.

Wataalamu wa usingizi hupendekeza kijana wa kati ya miaka 13 na 18 alale kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila usiku. Mtoto anayelala saa saba usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri ili awahi matatu ya shuleni amelala kwa muda wa saa 4 tu, yaani nusu ya kiwango cha chini.

Ubongo hufanya nini usiku?

Mtu anapolala, ubongo wake hauachi kazi. Mfano wake ni karani wa masjala ambaye hupanga barua kwenye faili baada ya ofisi kufungwa. Mambo yaliyosomwa mchana hupangwa na kuimarishwa wakati wa usingizi. Ofisi isipofungwa, barua hurundikana mezani. Zilipokewa, lakini siku ya kuzihitaji hazionekani. Ndiyo sababu mtoto hutoka katika chumba cha mtihani akilalamika, "Swali lile nililisoma juzi, lakini limenitoka!"

Isitoshe, mtu asiyelala hukosa makini, hukasirika upesi na huona kila jambo kuwa zito kuliko lilivyo.

Jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba wakati wa kubalehe saa ya mwili husogea mbele. Kijana huchelewa kupata usingizi na huona taabu kuamka mapema. Usimwite mvivu. Msaidie kwa kumwekea saa maalumu za kulala na kuamka, na asizibadilishe sana hata mwisho wa wiki.

Vinavyomwibia usingizi

Kwanza ni kafeini. Hii imo katika kahawa, chai, soda za kola na vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo wanafunzi huvinunua dukani. Kwa kawaida mwili huchukua muda wa saa 5 hivi kupunguza kafeini kwa nusu. Kahawa aliyoinywa saa mbili za usiku, nusu ya kafeini yake ingali mwilini saa saba. Baada ya chakula cha mchana, afadhali anywe maji au uji.

Pili ni miraa. Wapo vijana wanaoitafuna ili wasome usiku kucha. Miraa hufukuza usingizi na pia hamu ya chakula, na nguvu yake inapokwisha mtu hubaki mnyonge na mwenye huzuni.

Tatu ni simu. Ikae chumbani mwa mzazi usiku. Lakini sheria hii itashikika tu ikiwa wewe nawe utapunguza sauti ya runinga, hasa kama mnaishi katika nyumba ya chumba kimoja au viwili.

Chakula nacho kina nafasi yake. Asiondoke asubuhi tumbo likiwa tupu. Uji wa wimbi na kiazi kitamu vyatosha. Wasichana walio katika hedhi hupoteza madini ya chuma, na upungufu wake huleta uchovu na kukosa makini. Maharagwe, ndengu, mboga za kienyeji, omena na nyama vitamsaidia. Chai inayonywewa pamoja na chakula hupunguza madini hayo yanayoingia mwilini. Basi mpe chungwa wakati wa chakula, na chai aipate baadaye.

Hofu na ulimi wa mzazi

Mwizi mkubwa kuliko wote ni hofu, na mara nyingi sisi wazazi ndio tunaomfungulia mlango. "Unajua karo nimeitoa wapi?" "Mbona binamu yako alipata A?" Maneno haya hayamwongezei mtoto hata alama moja. Humfanya alale macho akihesabu deni asiloweza kulilipa.

Wahenga walisema kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwako wewe mtihani ni wa majuma machache, kati ya Oktoba na Novemba, kisha unapita. Kwake ni bahari yote. Mwambie waziwazi kwamba utabaki mzazi wake hata gredi ikiwa yoyote ile, na kwamba njia baada ya shule ni nyingi: chuo kikuu, chuo cha ufundi, au hata kurudia mtihani.

Ikiwa yuko shule ya bweni, siku ya kumtembelea usimlaki kwa swali la alama. Mwulize kwanza analala vipi na anakula nini. Anapokuja likizoni, mwache apumzike. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo.

Dalili za hatari

Wasiwasi kidogo ni wa kawaida. Lakini mpeleke hospitalini au kwa mshauri nasaha ikiwa kwa majuma mawili au zaidi amekosa hamu ya chakula, anajitenga, analia ovyo, au anaumwa na kichwa na tumbo pasipo ugonjwa kuonekana.

Akisema kwamba afadhali afe, au akianza kugawa vitu vyake anavyovipenda, usimkemee wala usidhani ni mzaha. Mwulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani, bali humfungulia njia ya kusema. Usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu za wadudu nyumbani, na tafuta msaada siku hiyohiyo. Nambari ya simu 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo.

Basi leo usiku, ukiiona taa ile ingali inawaka, usirudi kitandani. Mpe taulo akaushe miguu yake. Mwambie, "Umesoma vya kutosha, mama. Nenda ukalale, nitakuamsha saa kumi na mbili." Kisha uzime taa wewe mwenyewe.