Namna Bisi Zilivyopata Ruhusa ya Kuingia Sinema

Wenye majumba ya sinema kule Marekani, ambao leo hawawezi kupata riziki yao pasi na bisi, walizichukia kwa miaka mingi na kuwazuia wauzaji wake wasivuke kizingiti cha mlango. Si kwamba bisi zilikuwa ngeni, kwani katika maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893 Charles Cretors alikwisha kuwaonyesha watu mashine yake ya mvuke, yenye kuzikaanga na kuzikoleza papo hapo, na baada yake wachuuzi wakawa wanazisukuma mashine za namna hiyo barabarani, wakizifuata sarakasi na viwanja vya michezo. Lakini majumba ya sinema yaliyojengwa baadaye yalitaka kufananishwa na kasri: yalikuwa na nguzo za fahari, taa za vioo na mazulia mazito, na aliyetandika zulia la thamani haoni raha kuliona limetapakaa makombo. Aidha, picha za siku zile zilikuwa bubu; watazamaji walisoma maneno yaliyoandikwa kitambaani huku kinanda kikipigwa, na mlio wa meno yatafunayo uliwaudhi wote waliokaa karibu.

Mwaka 1927 ikatoka The Jazz Singer, picha zikaanza kusema, na mtafunaji akapata pa kujifichia. Miaka miwili baadaye uchumi ukaanguka. Watu waliokosa kazi wakaona kwamba mfuko wa bisi wa senti tano au kumi ni miongoni mwa anasa chache walizobakiwa nazo. Wachuuzi walisimama nje ya milango, wateja wakaingia na mifuko yao, na wenye majumba, baada ya kuitazama faida hiyo ikipita mbele ya macho yao, wakaanza kwa kuwakodisha wachuuzi nafasi ya kusimama, kisha wakaleta mashine zao wenyewe. Peremende na chokoleti zilikuwapo pia, mathalani Raisinets, zile zabibu kavu zilizovikwa chokoleti, zilizoanza kuuzwa mwaka huohuo wa 1927. Lakini Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja na sukari ikawa ya mgao, peremende ziliadimika ilhali mahindi yalikuwa tele.

Punje ya bisi, yafaa ielezwe, si sawa na punje ya mahindi ya ugali. Ganda lake ni gumu, na ndani yake mna maji kiasi cha asilimia 14. Ikipata moto wa takriban digrii 180 za Selsiasi, maji yale hugeuka mvuke usio na pa kutokea, wanga hulainika, mpaka ganda likashindwa kustahimili na kupasuka, na wanga ukafutuka na kuganda kama povu jeupe. Kwa muda mrefu majumba mengi ya Marekani yalizikaangia mafuta ya nazi (jambo ambalo halimshangazi mtu wa pwani hata kidogo), mpaka mwaka 1994 shirika moja la Washington lilipotangaza madhara ya mafuta hayo kwa moyo, na baadhi ya kampuni zikayaacha.

Kuhusu bei, malalamiko ni mengi, nami sioni kama yote ni ya haki. Fedha za tikiti si mali ya mwenye jumba peke yake. Sehemu kubwa, aghalabu nusu au zaidi, huenda kwa wenye picha, hususan katika majuma ya kwanza, bali fedha za bisi na soda humbakia yeye. Mlaji wa bisi, kwa hiyo, humsaidia jirani yake asiyenunua kitu kukaa kwa bei nafuu, na ndiyo sababu mlangoni husimama mtu wa kupekua mikoba.

Huku pwani mambo yalishika njia nyingine. Picha za Kihindi, ambazo Unguja ilizipenda mno, zilichukua karibu saa tatu na zilikatwa katikati kwa mapumziko. Basi ulaji ulikuwa na wakati wake, watu wakatoka nje kwa wachuuzi wenye karanga zilizofungwa katika karatasi, kashata, sambusa, muhogo wa kukaanga wenye pilipili, na ubuyu uliotiwa rangi hata ukaacha alama midomoni, huku wakibishana kama baba mtu atakubali posa au atakataa. Mabishano hayo, kwa ladha yangu, yalikuwa nusu ya utamu wa kashata. Na ilipofunguliwa sinema ya magari Dar es Salaam mwaka 1966, ukoo mzima ulifika na vyakula vyake kutoka nyumbani, ukatandika mkeka kando ya gari na kupakua, wala hapakuwa na wa kuwauliza mna nini vikapuni.