Kimya cha mchoro na mipaka ya tafsiri

Wahenga walinena kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Sisi tunaofundisha lugha tumeuzoea usemi huo hata tukasahau kuuliza swali moja muhimu: mshindo huo ni wa aliyenyamaza, au ni wa anayesikiliza?

Swali hilo lilinijia darasani nilipokuwa nikiwaonyesha wanafunzi wangu nakala ya mchoro mmoja mashuhuri. Jacques-Louis David aliuchora kwa wino jijini Paris tarehe 16 Oktoba 1793. Siku hiyo Marie Antoinette, aliyekuwa malkia wa Ufaransa, alipelekwa kukatwa kichwa akiwa juu ya mkokoteni wa wazi. Mchoro wenyewe ni mdogo, na leo umehifadhiwa katika jumba la Louvre. Mistari yake ni michache mno. Mwanamke ameketi wima, anaonekana kwa upande. Kofia ya kitambaa imefunika nywele zilizokatwa. Mikono imerudishwa nyuma. Pembe za midomo zimeshuka. Basi. Hapana mkokoteni, hapana farasi, hapana umati. Sehemu iliyosalia ya karatasi ni tupu.

Niliwaeleza wanafunzi kwamba utupu ule ni upweke wa mtu aliyetupwa na ulimwengu. Wakaandika. Kisha binti mmoja akainua mkono: "Mwalimu, ni mstari upi unaosema hivyo?" Sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo nimesadiki kwamba utupu ni wa namna mbili: upo wa haraka na upo wa hiari. Mkokoteni unaopita haumsubiri mchoraji. Kwa hiyo hatuwezi kudai kwamba kila kilichoachwa kiliachwa kwa makusudi. Lakini katika mwaka uo huo wa 1793, David alichora kwa rangi picha ya Marat, mwanamapinduzi aliyeuawa akiwa bafuni. Karibu nusu nzima ya juu ya picha hiyo ni ukuta mtupu wa giza. Kazi ile haikufanywa kwa dakika chache, na utupu wake ni kauli kamili. Anayezisoma picha hizi mbili kwa kanuni moja hupotoka.

Hata mstari uliopo hauna budi kuhojiwa. Mgongo wa malkia umenyooka. Mmoja ataona ujasiri, mwingine kiburi. Wapo wanaokumbuka kwamba David alipiga kura mfalme auawe mnamo Januari 1793, wakahitimisha kuwa mchoro ni dhihaka. Hiyo ni habari ya mchoraji. Haimo katika wino. Yamkini pia mgongo umenyooka kwa sababu mikono iliyofungwa nyuma humlazimu mtu kukaa hivyo. Tafsiri hii ya mwisho angalau inaelekeza kidole kwenye mstari.

Lugha yetu inafanya kazi vivyo hivyo. Mtu akisema "Amekuja", ameacha nafasi kubwa. Hakutaja jina, wala hakusema ni mume au mke. Hata hivyo, kiambishi a- kimeshatuwekea mpaka: aliyekuja ni mmoja. Msikilizaji ana ruhusa ya kumdhania shangazi au mjomba, lakini hana ruhusa ya kudhania watu wawili. Nafasi aliyoachiwa imezungushiwa ua.

Ndipo ninapowageukia walimu wenzangu. Katika madarasa ya fasihi tumegawanyika makundi mawili, na yote mawili yanawadhuru wanafunzi. Kundi la kwanza lina jibu moja lililoandikwa kwenye mwongozo wa kusahihishia. Mwanafunzi akileta jingine, hukatwa alama hata kama amelitetea vyema. Kundi la pili husema kila mtu ana maoni yake, likampa alama hata yule ambaye hakuisoma hadithi. La kwanza husahau kuwa nafasi ipo. La pili husahau kuwa ua upo.

Nanyi wanafunzi, mkiulizwa maana ya shairi au ya kimya cha mhusika, msikimbilie kuijaza nafasi. Anzeni na mstari. Na mwalimu wenu akiwapa tafsiri iliyokamilika mno, muulizeni kwa adabu swali aliloniuliza yule binti. Mimi niliaibika kwa muda mfupi, lakini nimefundisha vizuri zaidi tangu siku ile.