Mistari ya Kwenye Maji ya Mgongo: Kweli au Si Kweli?

Maltipo sklerosisi (MS) ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utando unaozifunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Kingamwili zilizomo kwenye maji ya uti wa mgongo, yanayotolewa kwa sindano, husaidia kuutambua.

"Ukichomwa sindano ya mgongo utapooza." Si kweli, na hofu hii imewafanya wengi wakatae kipimo walichokihitaji. Kwa mtu mzima uti wa mgongo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Daktari huchoma chini ya hapo. Wapo wanaoumwa kichwa siku chache, wakikaa kinazidi, wakilala kinapoa. Maji yanayotolewa ni mililita chache tu, na mwili hutengeneza takriban 500 kila siku.

"Maji peke yake yanatosha." Si kweli hata kidogo. Lazima damu ya mgonjwa huyohuyo itolewe wakati huohuo. Sampuli zote mbili huwekwa kwenye jeli, ubavu kwa ubavu, umeme ukapitishwa. Maji ya mtu asiye na ugonjwa huacha kivuli hafifu kilichotandaa. Ya mwenye MS mara nyingi huacha mistari myembamba ya kingamwili, mmoja chini ya mwingine. Inayohesabiwa ni ile iliyomo kwenye maji na haimo kwenye damu, kwa sababu hiyo imetengenezwa ndani ya mfumo wa neva wenyewe. Kupeleka maji bila damu ni kumchoma mtu bure.

"Mistari ikionekana, basi ni MS." Si kweli. Kaswende iliyofika kwenye ubongo na VVU huweza kuleta mistari ileile, na kwetu Afrika Mashariki haya hayapaswi kusahaulika.

"Isipoonekana, huna." Si kweli pia. Kaskazini mwa Ulaya takriban wagonjwa 9 kati ya 10 wanayo; Japani ni wachache zaidi.

"Picha ya MRI imekifanya kipimo hiki kiwe cha zamani." Si kweli. Elvin Kabat na wenzake walichunguza protini za maji haya kwa umeme mwaka 1942, na bado kazi hiyo ina faida. Tangu vigezo vya McDonald vya 2017, ambavyo madaktari huvitumia kuitambua MS, mtu aliyepata shambulio moja, na MRI ikaonyesha madhara sehemu zaidi ya moja, anaweza kuthibitishiwa ugonjwa kwa mistari hii na kuanza dawa bila kusubiri shambulio la pili.