Mshono Usisahauliwe Ndani ya Arobaini

Alhamdulillahi, mama amejifungua kwa upasuaji na kurejea nyumbani. Macho ya jamaa humwelekea mtoto, mshono ukasahauliwa. Kwa mama mnene kusahau huko kuna hatari zaidi: mafuta ya chini ya ngozi hupata damu kidogo, na mkunjo wa tumbo huufunika mshono kwa joto na jasho, vijidudu vikastawi.

Kinga huanza kabla. Mama aoge kwa sabuni, wala asijinyoe kwa wembe, kwani huacha michubuko. Hospitalini hudungwa antibiotiki kabla ya kupasuliwa, kwa kipimo kinacholingana na uzito wake. Basi kupimwa uzito si aibu. Utafiti wa Cincinnati, Marekani, uliochapishwa mwaka 2017, uliwahusu wanawake wanene 403. Miongoni mwa walioongezewa vidonge vya antibiotiki kwa saa 48 baada ya kujifungua, asilimia 6.4 waliambukizwa, miongoni mwa waliopewa vidonge visivyo na dawa, asilimia 15.4. Lakini uamuzi huo ni wa daktari, tusijinunulie dukani.

Nyumbani, anayemuuguza mzazi anawe mikono, auinue mkunjo na kuutazama mshono kila siku, na kuuweka mkavu. Mkaja usikazwe juu yake, wala maji ya moto ya kukandia yasiufikie. Pakitokea uvimbe, maumivu yanayozidi, usaha, harufu au homa, arudishwe hospitalini siku hiyo hiyo, arobaini isingojewe. Kumsitiri mzazi ni wema. Kuuficha ugonjwa wake si sitara.