NYUMBA YA VITABU ILIYOUNGUA IKAJENGWA TENA: NANI ANASHIKA UFUNGUO?

 Mazungumzo ya leo yanahusu maktaba, yaani nyumba ya vitabu, ile ambayo wengi wetu tunaiita bibliotheki. Labda utauliza: sisi tuliokimbia bila hata sufuria, vitabu vinatuhusu nini? Nakuomba uvumilie kidogo, jibu litakuja.

Twende mbali, mpaka Marekani. Katika jimbo la Massachusetts kuna kisiwa kiitwacho Nantucket. Mnamo 1840 kilikuwa na watu karibu 9,000, na kazi yao kubwa ilikuwa kuwinda nyangumi, mnyama yule mkubwa wa baharini, ili wapate mafuta ya taa. Mwaka 1834 watu wa hapo walianzisha nyumba ya vitabu, wakaiita Atheneum. Lakini haikuwa ya wote: ilikuwa mali ya wenye hisa, yaani wale waliotoa feza. Mwaka 1836 ilipata mtunzaji wa kwanza, msichana wa miaka 18, Maria Mitchell. Alifanya kazi hiyo miaka 20. Usiku alipima nyota, na mwaka 1847 aligundua nyota yenye mkia, mfalme wa Denmark akampa nishani ya dhahabu.

Nyumba ile ilikuwa pia mahali pa mikutano. Agosti 1841 alisimama mbele ya watu kisiwani hapo kijana mweusi, Frederick Douglass. Alizaliwa mtumwa katika jimbo la Maryland, akatoroka mwaka 1838. Kwa sheria ya wakati ule aliweza kukamatwa na kurudishwa kwa bwana wake. Alikuwa mkimbizi, ndugu zangu, kama wewe. Aliogopa, sauti ikatetemeka, lakini alieleza aliyoyaona. Siku ile ilimfungulia njia ya kuwa msemaji mkubwa wa kupinga utumwa.

Msidhani vitabu vilileta amani mara moja. Agosti 1842 mkutano mwingine wa kupinga utumwa uliishia katika fujo, watu wakatupa mawe na mayai yaliyooza. Tena, mwaka 1840 msichana mweusi, Eunice Ross, alishinda mtihani wa kuingia shule ya sekondari ya mji, akakataliwa kwa sababu ya rangi yake. Watu weusi wa kisiwa hawakushika fimbo. Waliandika barua kwa baraza la kutunga sheria la jimbo, wakatia sahihi zaidi ya 100. Mwaka 1845 ikatoka sheria: mtoto akikataliwa katika shule ya wote bila haki, anaweza kudai mbele ya mahakama. Muda si mrefu shule za Nantucket zikafunguliwa kwa wote. Hapo mnaona kwamba kalamu ina kazi pale watu wanapoishika pamoja.

Kisha ikaja balaa. Usiku wa tarehe 13 Julai 1846 moto ulianza katika duka la kofia. Nyumba zilikuwa za mbao, na maghala yalijaa mafuta. Karibu theluthi ya mji iliteketea, watu zaidi ya 800 wakabaki bila makao. Atheneum iliungua pamoja na vitabu vyake. Miji mingine ilituma misaada.

Sasa fikiri wewe kama kiongozi wa mahali. Watu wanalala nje, maduka ni majivu. Ungejenga nini? Wao walijenga nyumba za kulala na maduka, lakini nyumba ya vitabu hawakuiacha nyuma. Februari 1847, hata miezi saba haijatimia, Atheneum mpya ilifungua mlango. Jengo lile la mbao linatumika hadi leo. Ila mlango ulipanuka polepole: mwaka 1900 tu ndipo ikawa maktaba ya wote bila malipo. Tangu 1834, hesabu ni miaka 66.

Basi jibu la swali lako ni hili. Vita au moto vikiteketeza mji, vinaondoa paa, na vinaondoa pia mahali ambapo jirani alikutana na jirani. Paa likirudi na mahali hapo pasirudi, kila mtu anakaa na uchungu wake, na uvumi unapata nguvu. Kuanza si lazima jengo kubwa. Sanduku la vitabu, chumba kimoja, daftari la kuandika nani ameazima nini, vinatosha.

Lakini ninyi viongozi, kabla ya kufungua, jiulizeni maswali matatu. Nani anashika ufunguo? Mtoto wa wenyeji na mtoto wa waliokimbia wataketi benchi moja? Aliyekataliwa mlangoni atapeleka wapi neno lake? Msipoyajibu mapema, nyumba ya wote itageuka kuwa ya wachache, na kitu cha wachache ndicho huwa mbegu ya ugomvi mpya.

Msingoje miaka 66. Jioni hii, zungumzeni juu ya maswali hayo na majirani.