Sigara ya kielektroniki ya kujaza: Je, inafaa kwa matumizi ya kila siku?

Huenda umekwisha kukiona kifaa hiki, au umesikia vijana wakikitaja. Ni kidogo, kinaenea kiganjani, na mtu akikivuta hutoa wingu jeupe lenye harufu ya embe au peremende. Wengi hukiita vepu. Pengine mgeni amekuja nacho, au ndugu yako aliyepata makazi mapya Marekani, Kanada au Australia amekuahidi kukutumia kama zawadi.

Anayekisifu kifaa hiki kwa kawaida husema mambo matatu: hakina moshi wa tumbaku, hakina madhara, na ni rahisi kwa sababu unakijaza mwenyewe. Katika toleo hili tutaeleza kinavyofanya kazi, kisha tutakipima kwa siku ya kawaida ya mkazi wa Nakivale, Kyangwali, Kyaka II au Rwamwanja. Kifaa kinachotumika katika mji wenye umeme wa ukutani na maduka yanayokaguliwa kinaweza kuwa hatari katika nyumba ya turubai yenye watoto.

KIFAA CHENYEWE NI NINI?

Sigara ya kielektroniki ilibuniwa na mfamasia wa Kichina aitwaye Hon Lik, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Aina tunayoizungumzia hapa ina sehemu nne:

1. Betri ya lithiamu, ya jamii moja na ile ya simu yako.
2. Kichupa cha plastiki, ambacho wauzaji hukiita podi. Kwa kawaida hubeba mililita 2 au zaidi kidogo.
3. Koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa pamba ndani ya kichupa.
4. Kimiminika cha kujaza. Mara nyingi hiki ni mchanganyiko wa gliserini, propilini glaikoli, viungo vya harufu na nikotini.

Ukivuta, betri hupasha koili moto. Kimiminika kilicholowanisha pamba hugeuka kuwa wingu, nalo huingia mapafuni. Wingu hilo si mvuke wa maji safi. Lina nikotini na chembechembe ndogo za kemikali, na wakati mwingine lina hata chembe za madini kutoka kwenye koili.

Sasa tukipime.

KIPIMO CHA KWANZA: CHAJI

Kwa mtu anayevuta sana, betri ya kifaa hiki huisha kwa siku moja tu. Maana yake ni kwamba lazima ukichaji kila siku. Je, utakichajia wapi? Wengi wetu tunapeleka simu kwenye vibanda vya kuchajia au tunatumia paneli ndogo ya jua. Chaji za bei ya chini zisizo na kinga, waya zilizounganishwa ovyo na joto la jua ni maadui wa betri ya lithiamu.

Betri hii ikipata joto kali, ikigongwa au ikiingia maji, inaweza kuvimba, kutoa moshi na kuwaka ghafla. Mwezi Januari 2019, huko Fort Worth, jimbo la Texas, Marekani, kijana wa miaka 24 alifariki baada ya kifaa cha namna hii kulipuka na kipande chake kukata mshipa mkubwa wa damu shingoni. Ajali za aina hiyo si nyingi. Lakini fikiria moto ukianza usiku juu ya godoro, katika nyumba ya turubai na nyasi, na nyumba ya jirani iko hatua chache tu. Moto huo hautaunguza nyumba ya mvutaji peke yake.

KIPIMO CHA PILI: KUJAZA

Kujaza kunataka meza iliyo sawa, mikono mikavu, mwanga wa kutosha na utulivu. Kifuniko kidogo cha mpira hufunguliwa, kimiminika hudondoshwa taratibu, kisha mtu husubiri kama dakika 10 ili pamba ilowe vizuri. Asiposubiri, pamba kavu huungua. Huonja ladha kali ya kuungua, na kemikali zenye sumu kama formaldehidi huongezeka katika kile anachokivuta.

Vichupa hivi pia huvuja, hasa vikikaa mfukoni wakati wa joto. Kimiminika chenye nikotini hupenya kwenye ngozi. Kikimwagika mikononi, osha mara moja kwa sabuni na maji mengi kabla hujashika chakula au mtoto. Katika wiki ambayo maji ni ya foleni, jiulize kama kazi hii utaiweza kila siku.

KIPIMO CHA TATU: GHARAMA

Ni kweli kwamba mtu hanunui kifaa kipya kila siku. Lakini koili huchakaa. Kwa mvutaji wa kila siku, nyingi hudumu wiki moja hadi mbili, kisha ladha huharibika na kichupa au koili lazima ibadilishwe. Kimiminika nacho huisha. Zawadi inakuja mara moja, lakini matumizi hayakomi. Na kwa kuwa hapa hakuna duka halali linalouza vitu hivi, kama utakavyosoma hapa chini, utategemea mtu anayeuza kwa siri, chupa isiyo na karatasi inayoaminika, na bei anayoitaka yeye.

Hatari ya chupa isiyojulikana imekwisha kuonekana. Mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020, watu zaidi ya 2,800 nchini Marekani walilazwa hospitalini au walifariki kwa ugonjwa wa mapafu uliotokana na sigara za kielektroniki. Waliofariki walikuwa 68 kufikia Februari 2020. Wachunguzi waligundua kwamba wengi walikuwa wametumia vimiminika vyenye dutu ya bangi, hasa vilivyopatikana kwa marafiki au wauzaji wa mitaani, vikiwa vimechanganywa na mafuta ya vitamini E. Mafuta hayo hayana kazi mapafuni. Wagonjwa hao hawakuweza kujua kilichomo ndani ya chupa kwa kukitazama. Hata wewe hutaweza.

KIPIMO CHA NNE: WATOTO

Hiki ndicho kipimo kizito kuliko vyote. Chupa ndogo yenye picha ya embe na harufu ya pipi, ikiwekwa juu ya sanduku katika nyumba yenye chumba kimoja, mtoto ataifikia.

Tufanye hesabu. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria hairuhusu zaidi ya miligramu 20 za nikotini kwa kila mililita. Kijiko kimoja cha chai ni mililita 5. Kwa hiyo kijiko hicho kina miligramu 100. Kwa mtoto mdogo kiasi hicho kinaweza kuua. Marekani huuzwa vimiminika vyenye miligramu 50 kwa mililita, na hapo kijiko kimoja kina miligramu 250. Mwezi Desemba 2014, mtoto wa mwaka mmoja katika jimbo la New York alifariki baada ya kumeza nikotini ya maji. Baada ya hapo Marekani ilitunga sheria ya kulazimisha vifuniko ambavyo mtoto hawezi kuvifungua. Kimiminika kilichohamishiwa katika chupa ya dawa ya macho au ya soda hakina kifuniko hicho.

Mtoto akimeza au akimwagikiwa, fanya hivi:

- Usimlazimishe kutapika. Usimpe maziwa wala mafuta.
- Futa kinywa chake. Mvue nguo zilizolowa na uoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni.
- Mkimbize kituo cha afya mara moja, hata kama bado anacheza. Beba na ile chupa.
- Dalili ni kutapika, mate mengi, jasho, kupauka, moyo kwenda mbio, degedege, kulegea na kupumua kwa shida. Usizisubiri dalili hizo.

KIPIMO CHA TANO: MWILI

Nikotini ndiyo inayomfunga mvutaji. Aliyeanza kwa kujaribu harufu ya embe hujikuta akiamka usiku kukitafuta kifaa. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa vijana, kwa kuwa ubongo huendelea kukua hadi miaka kama 25. Kwa mama mjamzito, nikotini humdhuru mtoto aliye tumboni. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilizitaka serikali zichukue hatua za haraka kuwakinga watoto na sigara hizi.

KIPIMO CHA SITA: SHERIA

Nchini Uganda, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016, inakataza kuingiza nchini, kutengeneza, kusambaza na kuuza sigara za kielektroniki. Sheria hiyo hiyo inakataza kumuuzia bidhaa za tumbaku mtu aliye chini ya miaka 21. Mkimbizi analindwa na sheria za nchi iliyompokea, na pia anapaswa kuzitii. Kwa hiyo usimwombe ndugu akutumie kifaa hiki kwenye kifurushi, wala usikubali kumbebea mtu mwingine. Usikubali kuwa wakala wa kuviuza, hata ukiambiwa kwamba ni biashara ndogo tu.

MASWALI YA WASOMAJI

Nimevuta sigara za kawaida miaka 20. Je, hiki si nafuu kwangu?

Swali hili ni la haki na linastahili jibu la kweli. Sigara inayowashwa kwa moto ni hatari sana. Huua hadi nusu ya watu wanaoivuta bila kuacha. Huko Uingereza wataalamu wa afya husema kwamba, kwa mtu mzima anayevuta tayari, kuhamia kabisa kwenye sigara ya kielektroniki hupunguza madhara na kunaweza kumsaidia kuacha. Lakini huko vimiminika huandikishwa na nguvu yake ina mpaka, na mvutaji hupata mshauri. Mambo hayo matatu hapa hayapo. Pia, anayevuta vyote viwili, sigara asubuhi na vepu jioni, hajaepuka hatari ya sigara.

Basi nitaachaje?

Chagua siku moja na uwaambie watu wa nyumbani. Siku hiyo toa nyumbani sigara na viberiti vyote unavyotumia kuvutia. Hamu kali huja na kupita kwa dakika chache: kunywa maji, tembea, tafuna kipande cha muwa au karoti, ongea na mtu. Siku za kwanza ndizo ngumu. Utakuwa na hasira, utakosa usingizi, utapata njaa. Hizo si dalili za ugonjwa, ni nikotini inakutoka. Ukiteleza, usikate tamaa, anza tena. Wengi waliofaulu walijaribu zaidi ya mara moja. Mwone mhudumu wa afya katika kituo chako akusaidie kupanga.

Ninacho tayari nyumbani. Nifanyeje?

Kizime. Kama betri imevimba, imepata joto au imepasuka, usiichaji tena. Iweke nje ya nyumba ndani ya kopo lenye mchanga mkavu, mbali na watoto. Usikitupe kifaa motoni, chooni wala jalalani ambako watoto huokota vitu vya kuchezea. Chupa ya kimiminika ifunge vizuri na uiweke juu, mahali palipofungwa. Kisha mwulize mhudumu wa afya wa kijiji chako namna ya kuvikabidhi. Hatukuandika ukurasa huu ili mtu aaibishwe.

Mwanangu wa shule anacho. Nimpige?

Hapana. Akipigwa ataficha zaidi, na kitu kilichofichwa chini ya godoro ndicho kinachoweza kuwasha moto. Muulize amekipata wapi na amekitumia kwa muda gani. Msomee kipimo cha nne, hasa kama ana wadogo zake. Kisha nendeni pamoja kituo cha afya.

KWA KIFUPI

Kifaa hiki kinashindwa mara sita: chaji yake inaweza kuwasha moto, kujaza kwake kunataka maji na uangalifu, gharama yake haina mwisho, chupa yake inaweza kumuua mtoto, nikotini yake inafunga, na sheria ya nchi hairuhusu kiuzwe. Hata kipimo cha nne peke yake kingetosha kukikataa. Ukiletewa zawadi hii, mshukuru ndugu yako na umwombe akutumie kitu kingine. Taa ya jua, kwa mfano, nayo huchajiwa kila siku, na mtoto wako ataisomea usiku.

Ukimaliza kusoma, usiitupe karatasi hii. Mpe jirani, na yule asiyejua kusoma msomee kwa sauti.